Kubwa Toa Ndogo

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, walikuja kunisomea hesabu iliyomuua.

Ndiyo taratibu yetu hapa Ufipa tangu minara isimame. Radi ikiua mtu, mkokotoaji aliyeielekeza anakuja msibani na karatasi yake, anakaa kwenye kigoda katikati ya ua, anaisoma mstari kwa mstari mbele ya wafiwa. Haruhusiwi kusoma haraka, wala kulia. Akimaliza, mkaguzi anamuuliza mwenye msiba: umeisikia, hesabu ni safi? Ikiwa safi, kifo ni cha Mungu, watu wanakula ugali na maharage, wanaanua matanga, wanarudi makwao. Ikiwa na kosa, aliyeandika anakwenda jela miaka saba. Sheria ina mlango mmoja tu wa pembeni: kama kuna mtu aliyelijua kosa kabla ya radi akanyamaza, karatasi inakuwa yake, na kifungo chake. Mlango huo haujawahi kufunguliwa, maana nani atajipeleka mwenyewe?

Kwa kawaida mwenye msiba haelewi kitu. Anasikiliza namba akiwa amevimba macho, anasema safi, kwa sababu hana lingine la kusema. Ukitaka unaweza kumleta mjuzi akusikilizie. Mimi sikuwa na haja ya mjuzi. Binti aliyekuja na karatasi nilimfundisha mimi. Mkaguzi aliyemleta nilimfundisha mimi. Wakokotoaji wote kumi na wanne wa uwanda huu wamepita darasani kwangu, wamevuta vumbi la chaki yangu na kusikia kelele zangu. Naitwa Leokadia Sichalwe, mwalimu wa fizikia, na sijasifiwa upole hata siku moja.

Zamani watu wa mikoa mingine walikuwa wakitutania kwamba sisi tunatuma radi kwa uchawi. Siku hizi tunazituma kwa leseni, na hawacheki tena. Tangu dunia ichemke, mvua moja ya Machi inashusha hapa radi mia mbili. Ukiziachia ziangukie zinapotaka, zinamaliza shule. Kwa hiyo kila kijiji kikubwa kina milingoti miwili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, yenye matufe ya shaba juu. Tunayajaza chaji hasi, wingu linavutwa, radi inashuka upande tunaoutaka. Kwetu inashuka kwenye Shimo, machimbo ya kokoto yasiyo na mtu, nyuma ya mlingoti wa magharibi.

Mashine inapima umbali, haikokotoi. Mwaka wa kwanza iliachiwa ikokotoe, ikapeleka radi kwenye zahanati, watu tisa wakafa, na hakukuwa na wa kuulizwa. Waliofiwa walisimama mbele ya kabati la vyuma wakilitukana. Ndipo ikaja Sheria ya Mkono: mtu mwenye jina na mama yake akokotoe kwa penseli, aandike saini, ndani ya dakika saba.

Dakika saba. Kumbukeni hilo mkitaka kunihukumu, ingawa silitoi kama udhuru.

*

Gaudensia alikaa kwenye kigoda. Ana miaka ishirini na mitatu, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na mama mkwe wangu, Mama Adelina, ambaye tangu mazishi alikuwa hajauachia mkono wangu. Watu wa kijiji kizima walijaa uani, wengine juu ya ukuta.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Gaudensia. Sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba. Soma."

Mkaguzi Didas, ambaye darasani alikuwa akikaa nyuma akila karanga, alitikisa kichwa kumruhusu.

"Mstari wa kwanza," alisoma. "Wingu liko kilomita tatu kutoka mlingoti wa magharibi, kilomita tatu kutoka mlingoti wa mashariki. Pembe kati ya mielekeo miwili, digrii tisini."

Namba hiyo ya tisini haikukaa vizuri masikioni mwangu.

"Mstari wa pili. Mlingoti wa magharibi nimeupa chaji hasi, kulombi nne. Uga wake pale penye wingu: tisa mara kumi kwa kipeo cha tisa, zidisha kwa nne, gawa kwa elfu tatu kipeo cha pili. Jibu ni elfu nne, kuelekea magharibi."

Mama Adelina alininong'oneza, "Uga ni nini, mwanangu?"

Marehemu mwanawe aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, mwaka tuliooana, nami nikamweleza mpaka nikachoka. Mwishowe Melkiori akasema, "Aa, kumbe ni kama harufu ya maharage yako. Sufuria silioni, lakini popote nitakaposimama pua inajua jikoni ni wapi, na nikisogea inazidi." Nilicheka, kisha nikaitumia darasani miaka yote bila kumtaja aliyeisema.

"Ni mvuto uliopo mahali, mama," nilimjibu. "Hata kama kinachovuta kiko mbali."

"Mstari wa tatu. Mlingoti wa mashariki nimeupa kulombi tatu. Kwa njia ile ile, elfu tatu, kuelekea mashariki."

Mpaka hapo hakuna kosa. Kugawa kwake kulikuwa safi, vipeo vyake safi. Nilikuwa nikisubiri ile tisini. Wanafunzi wangu wote wanaijua kanuni hii: namba uliyopewa lazima itumike, isipotumika kuna kitu umekiruka. Nilisubiri aitumie.

"Mstari wa nne," alisema Gaudensia, na hapo sauti yake ikapata nguvu, kwa sababu huo mstari anauamini kama sala. "Kubwa toa ndogo, fuata kubwa. Elfu nne toa elfu tatu ni elfu moja, kuelekea magharibi. Radi itashuka kwenye Shimo. Kijiji salama. Mashamba ya Nkasanga salama. Mstari wa tano, jina langu na saini."

Didas alikuwa akifuatisha kwa kidole kwenye nakala yake, na alipofika chini alikunja karatasi akaitia mfukoni. Kwake ilikuwa safi. Wakokotoaji wengine wawili waliokuwa ukutani nao walitikisa kichwa kukubali. Bila shaka walitikisa. Wote walifundishwa na mimi.

"Mwenye msiba," aliuliza Didas, "umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Hesabu ni safi?"

Gaudensia alikuwa ananitazama. Huyu binti alilelewa na shangazi asiyempenda, na kwa miaka minne alikuwa akila chakula cha mchana kwangu. Rula yake ya kwanza Melkiori ndiye aliyemchongea, kipande cha mninga, akamkwangulia sentimita moja moja kwa kisu. Alikuwa akimwita baba.

"Sheria inanipa siku moja," nilisema. "Nitajibu kesho."

*

Niseme sasa jinsi huo mstari wa nne ulivyozaliwa, maana haukushuka kutoka mbinguni.

Mvuto una ukubwa na una mwelekeo. Ukiwa na miwili, huwezi kuijumlisha kama viazi. Unachora mishale, unaikata vipande, unajumlisha vya huku na vya kule, halafu unatafuta mshale mmoja unaobaki na pembe yake. Hiyo ndiyo njia ndefu. Mwaka wangu wa kwanza niliwafundisha hiyo, na katika wanafunzi ishirini, waliomaliza kwa dakika saba walikuwa wawili. Kwenye mtihani wa leseni walifeli kumi na wanane. Wakubwa wakaniandikia barua: mwakani wakifeli tena, darasa linafungwa na minara yenu itaendeshwa na wageni.

Nikakaa nikapitia mitihani ya nyuma. Nikaona kitu. Kila swali liliweka wingu katikati ya milingoti, kwenye mstari ulionyooka. Na si maswali tu. Mawingu yenyewe yalikuwa yakija kwa bonde, mashariki kwenda magharibi, yakipita katikati. Wingu likiwa katikati, mlingoti mmoja unavuta huku na mwingine kule, mishale inapingana uso kwa uso, unatoa tu. Nikawatungia wimbo: chaji zinazofanana zisukumane, za tofauti zivutane, kubwa toa ndogo, fuata kubwa. Wakaimba. Mwaka ule walifaulu wote ishirini, na mkuu wa wilaya alikuja kunipa mkono.

Mwaka wa kwanza wa wimbo huo niliwaambia: inafaa kwenye mstari ulionyooka tu. Mwaka wa pili nilisema kwa haraka mwisho wa kipindi. Mwaka wa tatu nikaacha kusema, kwa sababu ukiwaambia hivyo wanaanza kuuliza, na wakiuliza wanachelewa, na wakichelewa wanafeli na kulia mlangoni kwangu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hii nilikuwa nikiwaambia wazazi kwenye mikutano, tena kwa mbwembwe.

Halafu miaka mitatu iliyopita upepo ulianza kubadilika. Nilikuwa nikiliona mara moja moja wingu linalotoka kusini, nje ya mstari, nasema moyoni nitawaita wote, niwafundishe upya likizo hii. Likizo ikaja, nikapumzika. Ikaja nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa naupita ule ufa kila siku nikienda kazini.

*

Asubuhi Gaudensia alikuja kabla watu hawajaamka vizuri, akachota maji, akaosha masufuria ya msiba bila kuombwa. Nilimtazama kidogo nikamwambia, "Acha hayo. Twende darasani."

Darasa liko hatua mia kutoka kwangu. Ukutani kuna ramani ya kijiji, nimeichora mwenyewe: milingoti, Shimo, shule, na kaskazini kidogo kilima cha Nkasanga penye mashamba ya ulezi. Nilimpa chaki.

"Chora wingu. Chora milingoti. Pembe yako ilikuwa ngapi?"

"Tisini."

"Chora tisini."

Alichora. Mshale wenye urefu wa nne kuelekea mlingoti wa magharibi, mshale wenye urefu wa tatu kuelekea mlingoti wa mashariki, kona ya mraba katikati. Mkono wake ni mzuri, mistari yake haitetemeki. Alirudi nyuma akatazama.

"Ng'ombe wawili wamefungwa jembe moja," nilisema. "Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta hivi, kwa kona. Jembe litakwenda wapi?"

"Katikati yao. Litaegemea kwa mwenye nguvu."

"Litakwenda kwa mwenye nguvu peke yake?"

Alianza kuandika. Nne kipeo cha pili, kumi na sita. Tatu kipeo cha pili, tisa. Jumla ishirini na tano. Kipeo cha pili cha nini ni ishirini na tano? Tano. Aliandika elfu tano, akaipigia mstari chini, akabaki ameishika chaki.

"Mimi niliandika elfu moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mwelekeo?"

"Tafuta."

Tatu gawa kwa nne. Alifungua jedwali, kidole kikateremka taratibu. Digrii thelathini na saba kutoka mshale wa magharibi kuelekea ule wa mashariki. Alichukua kipimapembe cha mbao akaenda kwenye ramani, akakiweka penye wingu, akavuta mstari kwa chaki. Mstari ulipita katikati ya milingoti, haukufika kwenye Shimo wala haukulikaribia. Ulipanda kilima cha Nkasanga na kuishia kwenye shamba letu la ulezi.

Alirudia kupima. Akarudia mara ya tatu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mbele, lile la watoto wafupi, na sikumsaidia.

"Tisini niliisoma," alisema bila kugeuka. "Mashine ilinipa. Niliiandika kabisa. Sikuitumia."

"Hukuitumia."

"Siku zote huwa inasoma mia na themanini. Nilidhani ni, sijui, nilidhani ni ya kujaza tu." Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani chini ya ramani. "Nilitangaza Nkasanga salama. Mwalimu, baba alibaki shambani kwa sababu mimi nilitangaza salama."

Alianza kulia, na kwa vile si uani, hakuna sheria ya kumzuia. Nilitaka kwenda kumshika. Nilibaki kwenye dawati.

Alipotulia kidogo aliinua uso. "Mwalimu, kubwa toa ndogo ulitufundisha wewe."

"Mimi."

"Ulikuwa unajua kwamba haifai ikiwa na kona?"

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Nimewakataza watoto kusema uongo, nimewasimamisha juani kwa uongo mdogo kuliko ule. Nilimtazama mtoto niliyemlisha, nikaona jinsi anavyonisubiri nimjibu vizuri, nami nikamjibu vibaya.

"Sikujua," nilisema. "Nimeliona jana tu, ulipokuwa unasoma."

Mnajua alifanya nini? Alishusha pumzi. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alifuta machozi kwa kitambaa, akanyanyuka, akaja akapiga magoti mbele ya dawati akanishika mikono yote miwili.

"Afadhali," alisema. "Niliogopa sana ungesema ulijua. Basi ni mimi tu. Nitasema mwenyewe, usijisumbue. Wewe umefiwa."

Alitoka akaenda kumalizia masufuria. Nilibaki pale na ubao wake. Niliuona ukweli wote mara moja. Nikisema hesabu ni safi, Gaudensia anarudi mnarani, na wingu lijalo la kusini litaua mtu mwingine, pengine darasa zima. Nikisema ina kosa, anakwenda jela miaka saba kwa ujinga niliompa mimi. Na nikisema lile la tatu, kwamba nilijua, kinakwisha kila kitu nilichobakiwa nacho: nyumba hii, kazi hii, na yule bibi kikongwe aliyekuwa ananishika mkono.

*

Saa nne uani palijaa kuliko jana. Mama Adelina alinipisha nikae kivulini, akanifunika mabega kwa khanga yake. Gaudensia alikuwa kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Didas alifungua daftari.

"Mwenye msiba, jana uliomba siku. Hesabu ni safi?"

Kabla sijafungua mdomo, Gaudensia alisimama.

"Si safi," alisema. "Mstari wa nne una kosa. Pembe ilikuwa tisini, sikuitumia. Jibu sahihi ni elfu tano, digrii thelathini na saba. Ilikuwa inakwenda Nkasanga toka mwanzo, na mimi nikatangaza salama." Alimgeukia mama mkwe wangu. "Mama, nisamehe. Nilimwita baba."

Wale wakokotoaji wawili ukutani walitazamana. Mmoja alishatoa penseli anaandika kwenye kiganja. Didas aliitoa tena nakala yake mfukoni, akaisoma, midomo ikitembea, akaurudia mstari wa nne.

"Lakini hivi ndivyo tunavyofanya wote," alisema polepole. Alinitazama mimi, kisha akakumbuka cheo chake. "Sheria haiangalii wengine. Kosa limekubaliwa na mwandishi." Akainamia daftari, akaanza kuandika jina la Gaudensia. Niliona herufi ya kwanza, ile ge kubwa aliyoandika kwa mapambo niliyomfundisha mimi.

"Didas," nilisema. "Acha kuandika."

"Mwalimu, amekubali mwenyewe."

"Nilijua."

Aliacha kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Nilijua mimi kwamba njia ile haifai kukiwa na kona. Niliijua siku niliyoitunga. Nimewafundisha ninyi nyote miaka kumi na sita bila kuwaambia. Huyu leo asubuhi aliniuliza nikamwambia sikujua. Nilimdanganya."

Sikumtazama Gaudensia. Nilisikia tu kigoda kikilia alipokaa.

"Kujua kanuni si kulijua kosa," alisema Didas. Maskini alikuwa anajaribu kunitafutia pa kutokea. "Sheria inasema ulijue kosa lenyewe, kabla ya radi. Siku ile ulikuwa darasani. Ungejuaje?"

Angeniachia hapo. Wote wangeniachia. Mama Adelina alikuwa bado ameshika kiwiko changu chini ya khanga.

"Melkiori alinipigia simu," nilisema. "Saa nane na dakika tano. Aliniambia, Mwalimu wangu, mnarani wametangaza salama lakini mbona nywele za mikono zinanisimama? Nikachungulia dirishani. Nikaliona wingu. Lilikuwa kusini, nje ya mstari kabisa, hata mtoto angeliona. Nilijua Gaudensia yuko zamu na nilijua atafanya nini, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Kumwambia Melkiori akimbie ilikuwa sekunde moja tu."

"Ukamwambia nini?" Hakuuliza Didas. Aliuliza Mama Adelina.

"Mama, ningemwambia kimbia, angeuliza kwa nini, angewaita na wa mashamba ya jirani, na ikawa tangazo la mnara limekanushwa na mwalimu wa mnara mwenyewe. Wangetaka kujua nimejuaje. Nilifikiri labda halitapiga. Mengine matatu ya namna hiyo yalipita bila kupiga."

"Nimekuuliza ulimwambia nini."

"Nilimwambia amalizie matuta mawili yaliyobaki."

Mkono wake ulitoka kwenye kiwiko changu. Aliutoa taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa mkono wa pili. Mimi ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na nililia vibaya, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakuna aliyenibembeleza, na sikuwa nastahili.

Didas alisubiri. Kisha alikata jina aliloanza kuandika, akaandika langu, akaligeuza daftari niweke saini. Niliweka.

"Gaudensia Nkunda yuko huru," alisoma, sauti kavu. "Leokadia Sichalwe, karatasi ni yako. Utachukuliwa." Akasita, akawatazama wale wawili ukutani, mmoja wao na namba kiganjani. "Hiyo njia ndefu, nani mwingine anaijua hapa?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Na mvua zimebaki wiki sita," alisema. "Basi utachukuliwa ukishawafundisha. Wote kumi na wanne. Leo minara izimwe, watu wakae ndani, tuanze."

Mama Adelina alikuwa akinyanyuka. Alikataa mkono wa aliyetaka kumsaidia. Aliichukua khanga yake mabegani mwangu, akaikunja mara mbili, akaenda hadi kwenye kigoda na kumfunika nayo Gaudensia, ambaye alikuwa ametazama chini muda wote.

"Wewe mtoto utalala hapa leo," alimwambia. "Msiba haujaisha." Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninaloshindwa kulivumilia mpaka leo. Alikuwa amechoka tu. "Nenda kafundishe, mwalimu. Wafundishe vizuri, uwaambie yote. Ukimaliza, usirudi hapa. Wala makaburini usiende."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite hivyo."

Nilinyanyuka kwenye mkeka. Wakokotoaji walikuwa wameshatangulia kuelekea darasani, nikawasikia wakibishana juu ya digrii thelathini na saba. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni, vimechanganyika na vya waombolezaji wote, na macho yalikuwa yamejaa maji sikuweza kuvitambua. Niliinama nikapapasa, watu wakinipisha bila kusema kitu. Cha kulia nilikipata. Cha kushoto alikiona Gaudensia, karibu na kigoda chake, akanisogezea kwa ncha ya mguu bila kuniangalia.